Nyapara na Lundo Lililoondoka Zima

Nilitoka Mwatate asubuhi ya Jumatatu, nikafika Msambweni Alhamisi alasiri. Lori la mkonge lilinifikisha Voi. Pale Voi nauli yangu haikutosha garimoshi, hata behewa la daraja la tatu, kwa hiyo niliomba nafasi juu ya lori la vitunguu, na lori hilo likavunjika ekseli kabla ya Mariakani. Dereva alikwenda kutafuta fundi, akatuacha mimi na utingo wake tukilinda vitunguu siku nzima na kuvila. Nilivuka Likoni nikinuka kitunguu hata watu kwenye feri wakanipisha. Kutoka hapo nilitembea. Huko Waa nilimkuta mama mmoja akichimba mihogo shambani mwake, nikamwamkia, akanipa mihogo miwili na kuniuliza nakwenda wapi. Nilimwambia bado sijajua.

"Basi hujapotea," akasema, akaendelea kuchimba.

Lori la korosho lilinichukua mbele ya Waa. Dereva wake ndiye aliyeniambia kwamba katika shamba moja kubwa la minazi, upande wa baharini wa Msambweni, walikuwa wakitafuta mtu wa kuangalia tanuri la kukaushia mbata, ile nyama ya nazi, kwa sababu aliyekuwepo alikuwa ameziunguza zote. "Ukifika muulize nyapara," alisema. Sikumuuliza jina la huyo nyapara, na baadaye niligundua kuwa hakuna aliyelitumia. Wakwezi walimwita nyapara, wanawake waliofua nazi walimwita nyapara, na mkewe akisimama mlangoni kumwita chakulani alisema, "Nyapara, wali unapoa." Nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilimkuta ameketi juu ya rundo la makumbi, anatikisa nazi karibu na sikio lake. Nilisema shikamoo. Akasema marahaba kabla sijaimaliza, kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula muhogo.

"Wajua kuwasha moto?"

"Najua."

"Wajua kuuacha bila kuuchokoza?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha sekondari kimekunjwa mara nne ndani ya shati. Nilikitoa nikampa. Alikigeuza akatazama na upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu.

"Hiki kiweke mbali na tanuri," akasema. "Hapa yatakiwa subira tu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na chumba nyuma ya banda, na jirani ambaye kwa miaka minne sikupita siku bila kusikia sauti yake. Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya bendera kubadilishwa.

Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo wakati ule, ingawa mimi nilimwona mzee. Alivaa kikoi na koti la suti lisilokuwa na kifungo hata kimoja, na shambani hakuvaa viatu. Hakupaza sauti. Akikasirika alizidi kuwa mpole, na aliyekosa alianza kuitwa "bwana mkubwa". Mkwezi aliyeitwa bwana mkubwa asubuhi alijua kuwa kufikia adhuhuri atakuwa amerudishwa kwao. Nilimwona akimfukuza siku tatu kijana aliyeangusha koroma tano pamoja na nazi zilizokomaa, kwa kuwa koroma haina mbata ya maana na mnazi umenyang'anywa kitu bure. Kijana alimsihi mbele ya watu. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya, bwana mkubwa, umeomba vizuri. Siku tatu." Jioni ile ile nikamwona akipita uani kwa mama wa yule kijana na kikapu cha unga, akakiweka mlangoni, akaondoka bila hodi.

Nikimwuliza juu ya mambo kama hayo alisema yeye amesimama kwenye mpaka, mguu mmoja kwa mwenye shamba na mmoja kwa wakwezi, na kwamba mtu aliyesimama hivyo hawezi kukimbia upande wowote. Alilisema kwa fahari. Mimi nimefika umri aliokuwa nao wakati ule, na kila nikilikumbuka naona kama alikuwa analalamika.

Fahari yake ya kweli ilikuwa kugawa.

Shamba lile lilikuwa na ada iliyomtangulia kila mtu niliyemkuta. Kila mvuno, nazi zikishaangushwa na kukusanywa, zilirundikwa lundo moja mbele ya banda, na lundo halikuondoka mahali pale mpaka limegawanywa. Katika kila nazi kumi, saba zilikuwa za mwenye shamba na tatu za watu wa kazi. Hizo tatu ndizo ujira. Mshahara wa fedha ulikuwa mdogo, wa kununulia chumvi na mafuta ya taa. Mwenye shamba wa wakati ule alikuwa mzee wa Kiarabu aliyeishi Mombasa na kuja kwa gari mara moja kwa mvuno. Aliletewa kiti, akaketi, akanywa kahawa, akatazama lundo likigawanywa. Sikumwona akibishana hata siku moja. Wala sikumwona akiongeza nazi ya nne upande wetu.

Nyapara alihesabu mwenyewe. Alizichukua nazi zijavyo, bila kuchagua, akizirusha kulia, na wanawake wa kufua wakihesabu pamoja naye kwa sauti ya kuchoka, mosi, pili, tatu, mpaka saba. Ikifika nane aligeuza mkono kushoto na sauti za wanawake zikapanda: nane, tisa, kumi. Kutoka mbali, mtu aliyekuwa baharini asiyeliona shamba angeweza kujua kwa sauti zile ni nazi za nani zinazorushwa. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, wakati mwingine mbili, na nyapara hakumwachia mtu mkono wake hata alipovimba kiwiko.

Mkubwa wa wanawake wale aliitwa Mejumaa. Alifua nazi kuliko wanaume, akiichoma juu ya ncha ya kifuo mara tatu tu kumbi likawa chini, na ulimi wake ulikuwa kama kifuo chenyewe.

"Nyapara," alimwambia siku moja katikati ya hesabu, "wewe ukifa tutakugawa hivi hivi. Saba kwa mwenye shamba, tatu kwetu."

"Kichwa kiwe katika zenu," nyapara akajibu bila kusimama. "Huenda mkapata akili."

"Kichwa hicho? Kina maji tu. Tikisa usikie."

Wakacheka wote, na yeye akacheka, na hesabu ikapotea, ikabidi arudie fungu zima.

Kwa sababu ya ada hiyo hakuamini fedha. Ukimwambia bei ya kitu kwa shilingi, aliuliza, "Nazi ngapi?" Shati lilikuwa nazi kadhaa, mbuzi nazi kadhaa, mahari ya binti yake aliitaja kwa nazi mpaka wakwe wakaogopa wakidhani watazibeba. Nilipomwambia mwalimu fulani wa kwetu analipwa vizuri, alinitaka nimwambie, katika kila kumi anazozitoa huyo mwalimu, ngapi anarudi nazo nyumbani. Nikasema mwalimu hatoi nazi. "Anatoa kitu," alisema. "Nawe ukakitafute hicho kitu, kisha uje tuhesabu." Niliona ni ujinga wa mtu asiyesoma.

Mwezi wa uhuru alinunua redio. Aliiweka juu ya meza yake ndogo, akaifunika kitambaa, akaifunua saa za habari. Usiku ule wa bendera tulikusanyika kwake, tukasikia nyimbo na vigelegele kutoka Nairobi, na yeye akalia. Alilia kimya, macho yakiwa kwenye redio, kisha akaifunika akasema tulale, kesho kuna minazi. Katika miezi iliyofuata redio ilianza kusema juu ya pato la taifa. Pato limekua, pato litakua. Yeye alilipenda neno hilo, akanifuata tanurini.

"Wewe uliyesoma. Pato la taifa ndilo nini?"

Nilimweleza kama nilivyofundishwa. Nilisema ni jumla ya vitu vyote vinavyotolewa nchini kwa mwaka: mbata, mkonge, kahawa, kazi za forodhani, kila kitu.

"Yaani lundo."

"Ndiyo, lundo la nchi nzima. Kisha wataalamu huligawa kwa idadi ya watu, wajue kila mtu ana kiasi gani."

Alikwenda akaleta nazi kumi, akazipanga chini mbele ya mlango wa tanuri. Alisogeza tisa upande mmoja na kuacha moja.

"Hizi tisa za mwenye shamba. Hii moja yangu. Tuko wawili. Hao wataalamu watasemaje?"

"Watasema kila mmoja ana tano."

"Nionyeshe tano zangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alisubiri kabisa, ameinama, kama kwamba mimi ninazo nne zake mahali. Mwisho alizikusanya akasema wamekwisha kueleza ukubwa wa lundo, hilo amelisikia na anawashukuru, ila hawajafika kwenye kugawa. Kwa jinsi alivyoamini, ilikuwa bado saa ya kahawa. Wangefika.

Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mzee wa Kiarabu aliuza shamba mwaka wa pili wa uhuru. Aliyelinunua alikuwa mtu mkubwa wa mjini, Mwafrika, na kwetu sote hakuitwa ila Mheshimiwa. Habari ilipofika, shamba zima lilifurahi, na nyapara kuliko wote. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba sasa anakuja mwenye shamba ambaye mama yake naye amebeba kuni kichwani, na kwamba mtu kama huyo haiwezekani asijue maana ya nane, tisa, kumi. Wengine walianza kusema labda sasa itakuwa tano kwa tano. Nyapara hakulikataza neno hilo.

Mheshimiwa alikuja siku ya mvuno na magari mawili ya wageni. Palipikwa pilau. Lundo lilikuwa kubwa kupita yote niliyoyaona, kwa kuwa mvua ilikuwa njema. Baada ya kula, nyapara alimchukua Mheshimiwa kumwonyesha tanuri, na mgeni mmoja akawafuata. Mimi nilikuwa ndani ya shimo la majivu, nachokora, wakasimama juu yangu. Nilisikia kila neno.

Nyapara alisema, "Mheshimiwa, lundo hili la kwanza lichukue zima. Hatutagawa leo. Ni heshima yetu kwako kwa kuwa umekuja. Lijalo tutagawa kama ada yetu, saba na tatu."

Mheshimiwa alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema hajapata kupewa heshima kama hiyo.

Kule pwani mgeni wa kwanza hupewa kitu kizima. Hakatiwi kipande, wala hapewi fungu. Nyapara alikuwa amempa mwenye shamba kile ambacho mtu humpa mkwewe anapoingia nyumba mpya, akiamini kuwa aliyepewa hivyo hulala akifikiria jinsi ya kurudisha. Alichosahau ni kwamba tatu zile hazikuwa zake. Hakuwa amemwuliza mtu hata mmoja.

Nadhani alikumbuka alipotoka nje, kwa sababu lori lilikuwa limeanza kupakia na wanawake walikuwa wamesimama. Mejumaa alimfuata.

"Nyapara, nazi zinapakiwa. Mbona hazijahesabiwa?"

"Leo hazihesabiwi."

"Nani kasema?"

Nilikuwa nimetoka shimoni, majivu mwili mzima. Nilimwona akifungua kinywa, akafunga, akatazama watu waliokuwa wakimtazama.

"Mwenyewe kasema," akajibu.

Mejumaa aligeuka kumtazama Mheshimiwa, aliyekuwa akimpungia mkono kwa furaha.

Mvuno uliofuata lori lilikuja kabla wakwezi hawajateremka. Karani aliyekuja nalo alisema ada ya mafungu imekwisha. Kuanzia sasa ni ujira wa siku, kwa shilingi, tena shilingi nyingi kuliko zile za chumvi. Nyapara alisema kuna makosa. Karani alisema hakuna makosa, Mheshimiwa ameeleza kwamba watu wenyewe waliiacha ada kwa hiari yao siku ya pilau. Watu waligoma. Siku tisa hakuna aliyekwea wala kufua, tanuri likapoa, na nazi zilizokauka zikaanza kuanguka zenyewe usiku, na hakuna aliyeziokota.

Siku ya kumi Bwana Shauri, afisa wa wilaya, alikuja kutoka Kwale kusikiliza. Alikuwa kijana, mwenye adabu, aliyeandika kila kitu. Baraza lilikaa ndani ya banda la mbata. Jana yake alasiri nyapara alikuwa amekuja chumbani kwangu na kukaa juu ya kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu," alisema, "siku ile ulikuwa shimoni."

"Nilikuwepo, mzee."

"Wakijua ni mimi niliyetoa, sitaweza kupita njia moja nao. Usinivue nguo mbele ya wanawake wale."

Sikumjibu. Alilichukua hilo kuwa ahadi, na mimi nikamwacha alichukue.

Barazani mambo yalikuwa mepesi kuliko tulivyoogopa, na hilo ndilo linaloniuma. Bwana Shauri alisema waziwazi kwamba ada ya siku nyingi kama ile ina nguvu, haifi bure. Anachotaka kujua ni kama kweli iliachwa. Mheshimiwa alisema nyapara alimpa lundo zima kwa niaba ya wote. Mgeni wake akasimama akasema naye alisikia, lundo zima, heshima yetu kwako. Hapo aliishia.

Bwana Shauri akamgeukia nyapara. "Mzee, ulisema hivyo?"

Angesema kwamba ndiyo, alisema, na kwamba aliendelea kusema lijalo tutagawa, mambo yangekwisha palepale. Kalamu ya Bwana Shauri ilikuwa juu ya karatasi, inasubiri. Wakwezi walikuwa wamekaa chini upande mmoja, wanawake upande wa pili, Mejumaa mbele.

"Mimi sikusema neno," nyapara akajibu. "Alichukua mwenyewe."

"Hukusema neno lolote?"

"Lolote."

"Na huyu bwana aliyekusikia, anasema uongo?"

Bwana Shauri alisubiri muda mrefu, akaandika. Kisha akainua kichwa akauliza kama yuko mwingine aliyekuwepo tanurini siku hiyo. Nyapara hakunitazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu, vilivyokuwa na majivu hata baada ya kuoga. Nilivihesabu. Nilipofika kumi Bwana Shauri alikuwa amekwisha kufunga daftari.

Aliamua kwa upande wa Mheshimiwa, akiomba ujira uongezwe kidogo, na ukaongezwa. Watu walirudi kazini wiki hiyo.

Mheshimiwa hakuwa mtu mkali. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Aliongeza ujira tena mwaka uliofuata, na tena, akajenga choo cha saruji, na kila alipoongeza alituita tukapiga makofi. Bei ya mbata nayo ilikuwa inapanda mjini. Nyapara aliendelea na hesabu yake, sasa peke yake, nyuma ya banda. Siku ya ujira alijumlisha shilingi za watu wote, akauliza dukani zinanunua nazi ngapi, akapanga kumi chini badala ya mvuno mzima. Baada ya nyongeza ya kwanza fungu letu lilikuwa mbili katika kumi. Nyongeza ya pili aliipasua nazi kwa panga akaweka nusu kando ya nzima moja, akaniita.

"Wametuongeza," akasema. "Hii hapa nyongeza."

Maji ya ile nusu yalikuwa yakiingia mchangani. Sijasoma kitabu cha uchumi hata kimoja tangu niache shule, lakini nimefanya kazi forodhani, migodini na mahotelini, na kila mahali nilipoongezwa mshahara nimeiona nusu ile.

Redio aliiuza. Aliacha pia kucheka na wanawake. Wao waliendelea kumwamkia na kumwita nyapara, na Mejumaa alimpelekea vitumbua kila Idi kama zamani. Mimi niliondoka shambani mwaka wa nne, nikisema nakwenda kutafuta maisha. Nilikwenda Tanga, nikarudi, nikakaa Kibuyuni na wavuvi mwaka mmoja, nikapiga rangi nyumba Lunga Lunga. Watu waliniuliza ninatafuta nini, nami nilikuwa na majibu mengi.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, Diani, katika bustani ya hoteli mpya niliyoitwa kuipaka rangi. Hoteli ilikuwa imejengwa katikati ya minazi ya zamani, na nazi zinapokomaa ni hatari kwa wageni waliolala chini kwenye viti, kwa hiyo hukodiwa wakwezi kuziangusha zote, changa kwa pevu. Nyapara alikuwa amesimama chini na vijana wake juu. Amezeeka, koti ni jingine, nalo halina kifungo. Koroma zilikuwa zikianguka kwa wingi na yeye hakumwita mtu bwana mkubwa.

Nilimwamkia. Alinitambua kwa sauti, akauliza kama nimekula.

Tulikaa nyuma ya jiko la hoteli. Nilimwuliza nazi zile zote zinakwenda wapi.

"Shimoni," akasema. "Kuna shimo kule nyuma. Haziliwi wala haziuzwi. Hapa hakuna wa kumwuliza mafungu, maana hata mwenyewe hana haja nazo."

Kisha akasema, kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaacha jana, "Nimewaambia."

"Umewaambia nani?"

"Wanawake. Na wakwezi waliobaki. Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, nilikwenda msikitini kwetu nikawangoja wanaume nje, kisha nikaenda kwa Mejumaa, nikamkuta na wenziwe. Nikasema ni mimi niliyelitoa lile lundo, kwa mvuno mmoja tu, tena nilisema lijalo tutagawa, na barazani nikaficha."

"Wakasemaje?"

Alichukua jani kavu akawa analichana nyuzi.

"Mejumaa alisema, 'Twajua, nyapara.' Wanajua tangu siku ile. Dereva wa lori aliambiwa na yule mgeni njiani, akawaambia wao. Mwanangu, waliingia barazani wakijua. Walikaa pale mbele wakinitazama wakingoja niseme, kwa kuwa wao wasingeaminiwa, na mimi ningeaminiwa. Nikamwuliza, basi kwa nini mliendelea kuniamkia miaka yote hii, mkaniletea na vitumbua? Akasema, 'Tulidhani ukiona twakupenda, utasema kabla hatujazeeka.'"

Alilimaliza jani, akatupa nyuzi chini.

"Walikuulizia na wewe," akasema.

"Mimi?"

"Mejumaa alisema, 'Na yule Mtaita wa tanuri, aliyekuwa shimoni, yeye amekwisha kusema?' Nikawaambia sijui uliko. Sasa najua. Mejumaa yuko pale pale kwake, amepofuka jicho moja, lakini anafua bado. Nenda. Kusema hakurudishi nazi, hilo nakwambia mapema usije ukadhani. Lakini wanangoja wewe tu sasa. Mimi nimekwisha."

Nilimwambia nitakwenda kesho. Aliniangalia kidogo, akaamini au akajifanya, akainuka kuwarudia vijana wake kwa sababu mzungu mmoja alikuwa amesogeza kiti chake chini ya mnazi uliokuwa ukikwewa.

Asubuhi niliomba ujira wangu wa rangi, nikafunga mfuko, nikasimama Kona ya Musa. Basi la Msambweni ndilo lililotangulia. Lilikuwa na nafasi. Utingo aliushika mlango, akanitazama mimi na mfuko wangu.

"Msambweni, bwana. Wapanda?"

"Sipandi."

"Wamngoja mtu?"

Nikasema ndiyo. Likaondoka. La Likoni lilikuja baada ya muda mrefu, nikapanda, na tangu siku hiyo sijavuka tena upande ule.